Corolla ya 1994 inayozimika mlimani: pima presha ya mafuta kabla ya kununua pampu au kompyuta

Shikamoo Mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu umeeleza mambo ambayo wenye magari wengi huyaacha: gari linazimika wapi, likiwa na mafuta kiasi gani, na linakaa muda gani kabla ya kukubali kuwaka tena. Kwa faida ya wasomaji wengine nayarudia kwa ufupi. Una Corolla ya mwaka 1994, umbo la AE100, yenye injini ya 5A-FE. Asubuhi inawaka baada ya kupiga starta kwa muda mrefu, pengine mara mbili au tatu. Mjini Iringa haina shida. Ukiwa unarudi nyumbani kutoka Morogoro, ukishaliacha joto la Ruaha Mbuyuni na kuanza kupanda Kitonga, gari linapungukiwa nguvu, linaanza kumisi (kushtukashtuka kwa kukosa mwako), kisha linazima. Ukisubiri nusu saa boneti ikiwa wazi, linawaka na kuondoka kana kwamba halikuwa na ugonjwa. Tangi likiwa chini ya nusu, hali hiyo inatokea mapema zaidi. Taa ya injini haiwaki. Mafundi wamekwisha kubadilisha plagi, waya za plagi na kifuniko cha distributa (kifaa kinachogawa moto kwenye plagi), wamesafisha nozeli zinazonyunyizia petroli, na mwaka jana walikufungia pampu iliyotumika. Sasa mmoja anataka ununue kompyuta ya injini, mwingine anataka pampu nyingine tena, na wewe mwenyewe unashuku petroli ya vituo vya njiani. Umeniuliza umsikilize nani.

Kompyuta usinunue. Pampu nayo usinunue bado. Kwa jinsi ulivyoeleza, mashaka yangu makubwa yako ndani ya tangi, kwenye vitu vitatu vidogo vinavyoizunguka pampu: chujio lililo mdomoni mwake, kipande kifupi cha mpira kinachoiunganisha na bomba la kutokea, na waya zinazoilisha umeme. Lakini mashaka si kipimo, na gari lako limekwisha kutibiwa kwa mashaka ya kutosha. Kuna geji moja ya bei nafuu ambayo ingetumika siku ya kwanza, ingekuokolea fedha za plagi, za waya na pengine za ile pampu ya mwaka jana. Nitaeleza namna ya kuitumia, ili hata kama kazi itafanywa na fundi wako, wewe ukae pembeni ukijua namba inayosomwa ina maana gani.

Nianze na jinsi mafuta yanavyosafiri katika gari hili, maana kila kipimo kinategemea hapo. Pampu imezama ndani ya tangi chini ya kiti cha nyuma. Inavuta petroli kupitia chujio laini linalofanana na soksi ndogo, inaisukuma kwenye mpira mfupi, kisha kwenye bomba la chuma linalopita chini ya gari hadi kwenye filta iliyo ndani ya boneti, na kutoka hapo kwenye reli inayobeba nozeli nne. Mwishoni mwa reli ipo regyuleta, ambayo inaruhusu mafuta ya ziada yarudi kwenye tangi kwa bomba la pili. Pampu husukuma mafuta mengi kuliko injini inavyoyahitaji, na regyuleta ndiyo inayoamua presha ibaki kiasi gani. Ina mpira mdogo wa vakyumu, yaani mvuto wa ombwe, unaotoka kwenye manifodi ya hewa: injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, vakyumu ni kubwa na presha hushushwa, ukikanyaga mafuta kupanda mlima, vakyumu inapungua na presha hupanda. Kumbuka jambo hilo, kwa sababu mlimani gari lako huenda linafanya kinyume chake.

Kabla ya geji, lipo swali moja ambalo ni lazima lijibiwe pale pale barabarani siku gari litakapozima: limekosa mafuta au limekosa moto? Watu wengi hulijibu kwa kukisia. Beba plagi moja ya akiba. Gari likizima, sogea pembeni pa usalama, chomoa waya mmoja wa plagi, uuchomeke kwenye hiyo plagi ya akiba, uigusishe kwenye chuma cha injini kwa koleo yenye mpini wa mpira, mbali kabisa na mipira ya mafuta, na mtu mwingine apige starta kidogo. Ukiona cheche ya bluu yenye nguvu, upande wa moto uko salama na unaendelea kuyafuata mafuta. Ikiwa hakuna cheche, usiharakishe kufungua tangi, hata kama pampu nayo iko kimya. Katika injini hii, ikishawaka, pampu huendelea kupewa umeme pale tu kompyuta inapopata taarifa kutoka kwenye distributa kwamba injini inazunguka. Sensa ya ndani ya distributa ikichoka na kukatika ikipata moto, cheche, nozeli na pampu vyote hunyamaza kwa pamoja, na fundi anayesikiliza pampu peke yake atailaumu pampu isiyo na hatia. Nimewahi kupokea gari lililobadilishwa pampu mara mbili kwa kosa hilo hilo.

Kuna kipimo kingine cha barabarani kisichogharimu hata shilingi. Gari likizima, fungua kifuniko cha tangi ukisikiliza. Pumzi fupi ni ya kawaida. Ukisikia hewa ikivutwa kuingia ndani kwa nguvu na kwa muda mrefu, na gari likawaka mara tu baada ya hapo bila kusubiri nusu saa, basi njia ya hewa ya tangi imeziba na pampu ilikuwa inapigana na ombwe. Ni nadra, lakini nimeikuta, hasa kwenye magari yaliyowekewa vifuniko vya kubahatisha baada ya kile cha awali kupotea.

Sasa geji. Tafuta geji ya presha ya mafuta ya magari ya nozeli, inayosoma angalau hadi psi 100 (psi ni kipimo cha presha), yenye kiungo cha kuingia kwenye boliti ya tundu inayofunga bomba la kutoka kwenye filta. Geji ya upepo wa matairi haifai kwa kazi hii na ni hatari. Kabla ya kulegeza chochote, ondoa presha iliyofungiwa kwenye mabomba: chomoa plagi ya umeme ya pampu chini ya kiti cha nyuma, washa injini, iache hadi izime yenyewe, kisha chomoa waya wa hasi wa betri. Hata hivyo funika boliti kwa kitambaa unapoilegeza, kwa maana kiasi fulani cha petroli kitatoka. Tumia tochi ya betri badala ya taa ya balbu yenye waya, kwani balbu ikianguka na kupasuka juu ya petroli inaweza kuuwasha moto. Usifanye kazi hii gari likiwa juu ya shimo la gereji: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutelemka na kujikusanya shimoni, na cheche ndogo inatosha kuulipua. Kizimamoto cha unga kiwe karibu, kisiwe ofisini. Ukifunga tena ile boliti, weka washa (vipete bapa vya kuzuia kuvuja) mbili mpya pande zote za kiungo. Za zamani zimekwisha kubonyea na zitavuja.

Geji ikishafungwa, rudisha betri na plagi ya pampu. Ndani ya boneti kuna kiboksi cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ukifungua kifuniko chake utaona herufi za matundu. Unganisha tundu la +B na la FP kwa kipande cha waya, kisha fungua swichi (ufunguo ufike ON) bila kupiga starta. Pampu itazunguka mfululizo, na ukishika mpira wa kurudishia mafuta utahisi petroli ikipita. Hapo geji isome kati ya psi 38 na 44, yaani kilopaskali 265 hadi 304. Washa injini ikae sailensa huku mpira wa vakyumu wa regyuleta ukiwa mahali pake, nayo ishuke hadi kati ya psi 30 na 37. Chomoa mpira huo na uzibe ncha yake kwa kidole, geji inapaswa kurudi kwenye namba za mwanzo. Ukiuona mpira huo una petroli ndani, regyuleta imepasuka utandu wake na injini imekuwa ikinywa mafuta ya ziada kupitia hapo. Huhitaji kipimo kingine kuihukumu.

Ninavyotarajia, Mwalimu, siku utakayopima asubuhi karakana ikiwa na baridi utapata namba nzuri, na fundi atakwambia mfumo wa mafuta ni mzima. Usikubali kuishia hapo. Gari lako haliumwi likiwa baridi. Geji yenye mpira mrefu inaweza kupitishwa nje, kati ya boneti na kioo cha mbele, na uso wake ukafungwa kwa gundi ya karatasi juu ya kioo kwa nje, ili mtu aliyekaa kushoto aisome wakati wewe unaendesha. Isiingizwe ndani ya gari kwa hali yoyote, kwa sababu mpira ukifumuka utamwaga petroli miguuni mwenu. Tembeza gari hadi lipate moto, chagua mlima mrefu, na muusome mshale. Ukikanyaga mafuta mlimani, mshale unapaswa kupanda kuelekea psi 40. Ukishuka hadi 30, kisha 25, na gari likaanza kumisi mshale ukiwa huko chini, umeupata ugonjwa kwa macho yako, na hoja ya kompyuta imekwisha. Ukibaki juu hadi gari linazima, basi mafuta yapo, na unarudi kwenye distributa na koili.

Tuseme umeshuka. Hapo presha inapotea mahali pamoja kati ya tangi na regyuleta, na kupatafuta si kazi ngumu. Pampu ikizungushwa kwa ile njia ya +B na FP, gari likiwa bado la moto, bana mpira wa kurudishia mafuta kwa koleo iliyofungwa kitambaa, kwa sekunde moja au mbili tu, bila kuzidisha. Geji ikiruka ghafla kupita psi 60, nguvu ipo nyuma na regyuleta ndiyo inayoachia. Isipopanda, au ikipanda kwa uvivu, tatizo liko kabla ya reli: filta, mpira wa ndani ya tangi, chujio, pampu yenyewe au umeme wake. Pima na wingi pia, maana presha bila wingi ni nusu ya habari. Elekeza mpira wa kurudishia kwenye chombo cha chuma chenye alama za kipimo na uhesabu sekunde 30. Chini ya nusu lita ni kidogo mno kwa injini ya aina hii.

Filta ya ndani ya boneti ndiyo spea pekee ninayokubali ibadilishwe bila kupimwa, ikiwa hujui ilifungwa lini. Ila ile ya zamani usiitupe. Igeuze umwage mafuta yake kwa upande wa kuingilia, siyo wa kutokea, juu ya kitambaa cheupe, kisha kiache kitambaa kikauke. Unga mwekundu ni kutu ya tangi. Chembe nyeusi laini zinazopaka vidole ni mpira unaooza mahali fulani. Filta inapokea kila kinachopita kwenye pampu, kwa hiyo hicho kitambaa kitakueleza hali ya tangi kabla hujanyanyua kiti.

Upande wa umeme huwa unasahauliwa, nami nimejifunza kuupima kabla sijafungua tangi. Pampu ya volti 12 ikipata volti 10 inazunguka, inalia, na inamridhisha mtu anayesikiliza kwa sikio, lakini usukumaji wake umepungua sana. Weka multimita kwenye plagi ya pampu ikiwa imechomekwa na pampu inazunguka, halafu linganisha na volti za betri wakati huo huo. Tofauti ikizidi volti moja, tafuta inakopotelea. Weka ncha moja ya multimita kwenye waya wa athi wa pampu (unaorudisha umeme kwenye bodi) na nyingine kwenye hasi ya betri. Injini ikiwa inaunguruma, usome chini ya volti 0.3. Ukipata zaidi, sehemu ya athi inapofungwa kwenye bodi ina kutu au rangi. Angalia pia plagi iliyo juu ya kifuniko cha pampu. Plastiki iliyogeuka rangi ya kahawia kuzunguka pini moja ni alama ya kiungo kilicholegea na kupata moto kwa miaka, na kiungo cha namna hiyo hufanya vizuri kikiwa baridi, kisha kinakataa kadiri joto linavyopanda. Gari linalozima likipata moto na kuwaka likipoa linaweza kuwa linaumwa hapo tu.

Ukifika kwenye tangi, nyanyua sehemu ya kukalia ya kiti cha nyuma na utaona kifuniko cha bati sakafuni. Huna haja ya kuteremsha tangi, kwa hiyo fundi akikutoza kwa kazi hiyo mwulize kwa nini. Safisha mchanga wote unaozunguka kifuniko kabla ya kukifungua, la sivyo utaingia ndani. Afadhali tangi liwe na robo tu ya mafuta, na milango yote minne iwe wazi. Mafuta yakihitaji kupunguzwa, yapunguzwe kwa pampu ya mkono. Naona hadi leo vijana wa gereji wakiyavuta kwa mdomo, jambo linaloniumiza, kwa sababu petroli ikipita njia ya hewa hata kwa kiasi kidogo inachoma mapafu na inaweza kuua.

Hapa ndipo ningependa uwepo mwenyewe, Mwalimu. Pampu ikitoka, usiruhusu mtu yeyote aitenganishe kabla hujaiangalia ikiwa nzima. Tazama kwanza chujio lilivyokaa. Lile la asili limekatwa kwa umbo la kulala kwenye sakafu ya tangi hili. Pampu ya gari jingine inapofungwa, mara nyingi chujio lake huelekea upande usio wake, au huning'inia vidole viwili juu ya sakafu. Tangi likiwa limejaa hutatambua. Likiwa chini ya nusu, na gari limeinua pua kupanda Kitonga, petroli inajikusanya nyuma na chujio linabaki hewani. Umeniambia kwamba tangi likipungua gari linazima mapema. Hiyo ndiyo dalili iliyonifanya nianzie ndani ya tangi. Tazama na rangi ya chujio. Likiwa jipya ni jeupe au la rangi nyepesi na unaona nyuzi zake. Lililoziba ni la kahawia, limeshikana, na ukilifinya linatoa tope.

Kisha ukague ule mpira mfupi. Una urefu wa kidole, na ndio uliopoteza presha katika gari moja nililolishughulikia kwa siku tatu. Lilikuwa Corolla kama yako, limekwisha kufungwa pampu mbili, na likipata moto geji ilisoma psi 24. Pampu niliyoijaribu nje ya gari ilikuwa nzima, chujio lilikuwa safi, umeme ulikuwa kamili. Nilipoushika ule mpira, weusi wake ulibaki vidoleni, na kwa nje ulikuwa laini kama andazi lililolowana. Chini ya klampu palikuwa na ufa wa urefu usiozidi punje mbili za mchele. Ukiwa umenyooka ufa ulifumba. Nilipoukunja kidogo ulifunguka kama jicho. Presha yote ilikuwa inatokea hapo na kurudi ndani ya tangi, kwa hiyo hapakuwa na tone chini ya gari wala harufu. Mpira huo ulikuwa wa mafuta kweli, wenye maandishi ya kiwanda, lakini wa aina ya kutumika nje. Mpira wa kawaida wa petroli umetengenezwa kustahimili mafuta kwa ndani tu, na ukizamishwa, ganda lake la nje linalika. Unaoruhusiwa kuzama huandikwa 30R10 ubavuni. Ni ghali kuliko ule mwingine, na muuzaji wa spea atakwambia yote ni sawa. Si sawa. Na klampu ziwe za kuzunguka mpira mzima bila meno yanayoukata.

Sasa unaweza kuona kwa nini gari hupona likipumzika. Petroli ya moto iko karibu na kuchemka, na pampu inapovuta kwa nguvu kupitia chujio lililoziba, presha upande wa kuvutia inashuka na vipovu vya mvuke vinazaliwa pale pale mdomoni mwa pampu. Pampu haiwezi kusukuma mvuke. Yale mafuta ya ziada yanayorudi kutoka kwenye injini yanazidi kulitia joto tangi, na tangi likiwa na mafuta kidogo joto hilo halina pa kutawanyika. Tena pampu yenyewe hupozwa na petroli inayoizunguka. Nusu saa ya kusubiri inatuliza yote hayo. Ndiyo maana ile boneti unayoifungua inaipoza injini tu, wakati kinachopona kiko nyuma.

Ukikuta kutu sakafuni mwa tangi, pampu mpya itakufa kama ya zamani. Tangi lenye kutu kidogo huteremshwa, husukutuliwa kwa petroli safi mara kadhaa hadi inatoka bila rangi, na kukaushwa kwa upepo nje ya banda. Likiwa limetoboka au linamenyuka matabaka, tafuta jingine. Asikudanganye mtu kwamba ataliziba kwa kulichomelea baada ya kulikausha juani, kwani mvuke hujificha kwenye mikunjo ya bati siku nyingi, na matangi ya namna hiyo yamelipuka mikononi mwa wachomeleaji.

Pampu yenyewe ninaihukumu mwisho. Kama umeme ni kamili, chujio safi, mpira mzima, filta mpya, na bado presha ya moto haifiki, ndipo pampu imekufa kweli. Hapo nunua mpya, ya injini hii, pamoja na chujio lake. Pampu iliyotumika kutoka kwenye gari lililokatwa imekwisha kufanya kazi miaka mingi, kisha ikakaa kavu rafu, na ukavu huo unaishikisha kutu ya ndani. Unafuu wa bei yake utaulipia kwenye nauli ya kuvutwa hadi Ilula.

Kuhusu starta ndefu ya asubuhi, hilo huenda ni tatizo la pili linaloishi nyumba moja na la kwanza. Ukizima injini, presha haitakiwi kupotea mara moja; baada ya dakika 5 geji ibaki angalau psi 21. Kama inaporomoka, kesho yake mabomba yanakuwa matupu na starta inafanya kazi ya kuyajaza. Kulithibitisha ni rahisi: asubuhi kabla ya kupiga starta, unganisha +B na FP kwa sekunde kumi swichi ikiwa wazi, ondoa waya, kisha washa. Likiwaka mara moja, presha ilikuwa inapotea usiku. Inapotea kwa njia tatu tu: kwenye vali ndogo ya kuzuia kurudi iliyo ndani ya pampu, kwenye regyuleta, au kwenye nozeli inayodondosha. Zima injini, bana mpira wa kurudishia, tazama geji. Ikisimama, ni regyuleta. Ikiendelea kushuka, rudia huku ukibana mpira laini wa kuingizia mafuta ndani ya boneti. Ikisimama sasa, ni vali ya pampu au ule mpira wa ndani ya tangi. Ikishuka hata hivyo, fungua plagi: silinda yenye nozeli inayovuja huwa na plagi nyeusi yenye harufu ya petroli. Ule mpira uliopasuka unaweza kusababisha matatizo yako yote mawili kwa wakati mmoja, na sitashangaa ikiwa ndivyo.

Umeuliza habari ya petroli chafu. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulikuwa tatizo kubwa nchini, hadi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanzisha uwekaji wa vinasaba (alama za kikemikali za kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Ukitaka kujiridhisha, dondosha petroli yako kwenye karatasi nyeupe: iliyo safi hukauka upesi bila kuacha doa la mafuta. Maji yanaonekana kwa kuiacha kwenye chupa ya kioo usiku mmoja, nayo yatatulia chini. Lakini fikiria hivi: petroli chafu haisafiki kwa kusubiri nusu saa kando ya barabara. Mafuta yale yale yaliyokuzimia gari Kitonga ndiyo yaliyokufikisha Iringa.

Na kompyuta? Gari hili halina sensa ya kupima presha ya mafuta, kwa hiyo presha ikishuka kompyuta haijui na taa haiwaki. Hilo si kosa lake. Unaweza kuiuliza yenyewe inachokijua: kwenye kile kiboksi cha DIAGNOSIS unganisha TE1 na E1, fungua swichi, na uhesabu mimweko ya taa ya injini. Mimweko ya haraka isiyokatika maana yake hakuna kosa lililohifadhiwa. Namba 12 inahusu taarifa ya mzunguko kutoka kwenye distributa, 14 inahusu upande wa moto, na 22 sensa ya joto la maji. Ukipata 12 au 14, nenda kwenye distributa kabla ya tangi. Fundi anayependekeza kompyuta aonyeshe namba, au akuazime kompyuta ya gari jingine lenye injini hiyo hiyo na gia ya aina hiyo hiyo, uijaribu Kitonga kabla ya kutoa fedha.

Kazi ikiisha, kiti kisirudishwe mpaka pampu izungushwe kwa +B na FP na mtu aangalie kwa tochi kuzunguka kifuniko kama kuna unyevu, kwa sababu harufu ya petroli ndani ya gari si ya kuvumilia hata kwa siku moja. Geji iache imefungwa. Jaza tangi robo tu, kwa makusudi, chukua kidumu cha akiba kilichofungwa vizuri kwenye buti, teremka hadi Ruaha Mbuyuni mchana wa jua, na upande Kitonga na mtu wa kusoma mshale. Ukifika juu bila mshale kushuka chini ya psi 38 ukiwa umekanyaga mafuta, fungua geji, weka washa mpya, na uniandikie ulichokikuta ndani ya tangi.